Sitrini: kito cha bei nafuu kinachostahili jicho kali

Sitrini nyingi za rangi ya chungwa zinazowaka kwenye makabati ya masonara zilitoka ardhini zikiwa za zambarau. Zilikuwa amethisti. Kusini mwa Brazil, katika jimbo la Rio Grande do Sul, na ng'ambo ya mpaka katika eneo la Artigas nchini Uruguay, miamba iliyotokana na lava ya kale ina matundu ambayo kuta zake zimefunikwa fuwele za amethisti. Mengine yanazidi kimo cha mtu mzima. Fuwele zenye zambarau iliyokolea hukatwa kama zilivyo. Zilizopauka hupelekwa tanuruni. Joto likipanda hadi nyuzi 450 au 500 hivi za Selsiasi, zambarau hufutika, na chuma kilichomo ndani ya jiwe, japo ni kidogo mno, huleta rangi mpya: njano, chungwa, au wekundu unaokaribia kahawia.

Kwa kuwa malighafi hiyo ni nyingi, sitrini ni miongoni mwa vito ambavyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuvimiliki vikiwa vikubwa na visafi. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapolegea. Jiwe likiwa rahisi, wanaona hakuna haja ya kuliangalia mara mbili. Mimi naona kinyume chake. Anayenunua rubi au zumaridi huvumilia doa, ufa mdogo, hata mkato uliopinda, maana malighafi yake ni adimu na kila punje inayosagwa na kuwa vumbi ni hasara. Sitrini haina udhuru huo. Kasoro unayoiona kwa macho matupu imetokana na haraka au uzembe wa mtu, na jiwe bora kuliko hilo lipo sokoni kwa bei ileile au iliyozidi kidogo tu. Kwa sitrini, sehemu kubwa ya thamani huwekwa na mikono ya fundi. Basi ni haki ya mnunuzi kuikagua kazi ya mikono hiyo.

Rangi ndiyo ya kwanza

Wataalamu huitazama rangi ya kito kwa mambo matatu: ni rangi gani hasa, ina giza au weupe kiasi gani, na ina ukali kiasi gani. Taasisi ya Vito ya Marekani, GIA, huihesabu sitrini ya daraja la juu kuwa ile iliyokolea, kuanzia njano hadi chungwa lenye wekundu, isiyo na ukahawia ndani yake.

Neno la kushika hapo ni ukahawia. Sitrini ya chungwa ikiwa nzuri, rangi yake inabaki hai hata ukiigeuza huku na huku. Ikiwa mbaya, ukiigeuza kidogo unaona rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye birika tangu alfajiri. Jiwe la namna hiyo huweza kupendeza chini ya taa za duka, lakini likivaliwa mchana kweupe linachosha macho.

Utasikia pia majina. Chungwa zito lenye wekundu huitwa Madeira, kwa kufananishwa na mvinyo wa kisiwa hicho cha Ureno. Chungwa angavu huitwa Palmeira. Hayo ni majina ya biashara. Hakuna mamlaka inayoyagawa, na muuzaji yeyote anaweza kuliita jiwe lake Madeira akitaka. Usilipie jina. Lipia kile ambacho macho yako yanakiona.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba ukubwa hubadilisha rangi. Mwanga ukisafiri mbali zaidi ndani ya jiwe, rangi hukolea. Chungwa lilelile linalopendeza katika jiwe la milimita 6 la hereni linaweza kuwa giza katika jiwe la milimita 20 la kidani. Ukitaka kito kikubwa, chagua kilicho angavu kidogo kuliko unavyodhani unahitaji. Ukitaka vidogo vya hereni, chagua vilivyokolea, la sivyo vitaonekana vimepauka vikitazamwa kutoka hatua chache.

Kagua kwa mwanga wa kweli

Taa za maduka ya masonara mara nyingi ni za njano, kwa sababu dhahabu hupendeza chini yake. Sitrini nayo hunufaika na taa hizo: njano iliyopauka huonekana ya asali, na ukahawia hujificha ndani ya uvuguvugu wa taa. Mwombe sonara akuruhusu usogee mlangoni au dirishani. Simama kivulini mchana, jua lisilipige jiwe moja kwa moja, na uliweke juu ya karatasi nyeupe. Kisha lirudishe chini ya taa ulinganishe. Jiwe zuri hupendeza kote kuwili.

Kama lipo huru, bado halijafungwa kwenye pete, bahati ni yako. Dhahabu ya njano hulikopesha jiwe rangi yake, na pete iliyozibwa nyuma inaweza kuficha mengi. Kama limeshafungwa, pendelea pete iliyo wazi kwa chini ili mwanga uingie na wewe uweze kulitazama kwa nyuma.

Ukiwa na jiwe huru, lipindue sasa. Liweke kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, ncha ya chini ikielekea juu, ulitazame kwa ubavu. Hapo ndipo mgawanyo wa rangi unapojitokeza. Rangi ya amethisti hukua kwa matabaka yanayofuata pande za fuwele, na moto haufuti matabaka hayo; huyabadilisha rangi tu. Kwa hiyo si ajabu kuona mstari wa chungwa upande mmoja na upande mwingine ukiwa karibu mweupe kama maji. Fundi mwerevu huipanga sehemu yenye rangi iwe chini nchani, na kutokea hapo rangi husambaa jiwe zima likitazamwa kwa juu. Hiyo ni kazi halali, tena ya kistadi. Kinachopaswa kukutoa dukani ni jiwe ambalo hata likitazamwa kwa juu lina kiraka cheupe au mkanda unaokatiza katikati.

Usafi wa ndani

Hapa hapahitaji maneno mengi. Sitrini safi kwa macho matupu inapatikana kwa wingi, basi idai. Shika jiwe kwa kibano, litazame kutoka umbali wa sentimita 30 hivi, uligeuze polepole. Ukiona ufa, wingu la ukungu au vitobo vya kumetameta, liache. Kwa lenzi inayokuza mara 10 unaweza kuona michirizi midogo au alama za vidole za asili; hizo hazina neno, na zaidi ya hapo zinaweza kuwa dalili kwamba jiwe halikutengenezwa kiwandani. Ufa unaofika juu ya uso wa jiwe ni habari nyingine. Huo unaweza kuendelea siku pete ikigongwa mezani.

Mkato: hapa ndipo penye jiwe lenyewe

Wanunuzi wengi huuliza rangi na uzito wakaishia hapo. Lakini sitrini mbili zilizotoka katika fuwele moja, moja ikakatwa vizuri na nyingine vibaya, hazitakaa zifanane.

Fanya jaribio hili kwa gazeti hili ulilonalo mkononi. Liweke jiwe juu ya maandishi, uso mkubwa wa bapa ukielekea juu, ulitazame wima. Likiwa limekatwa sawasawa, katikati yake hutaona herufi. Utaona vipande vya mwanga wa chungwa vinavyobadilishana mahali unapotikisa kichwa. Likiwa limekatwa vibaya, utaona duara lililopauka katikati, na ndani yake utaweza kusoma maneno. Wakataji huliita duara hilo dirisha. Rangi yote imekimbilia pembeni, na katikati umelipia hewa.

Sababu yake ni tabia ya madini yenyewe. Sitrini ni kwatzi, na kwatzi hupinda mwanga kwa kiasi kidogo ikilinganishwa na vito vingi vinavyojulikana. Kipimo chake ni kati ya 1.544 na 1.553. Tanzanite ipo karibu 1.69, na almasi ni 2.42. Mwanga unaoingia kwa juu hugonga nyuso za upande wa chini. Nyuso hizo zikiwa na mteremko wa kutosha, mwanga hugeuzwa ukarudi machoni mwako. Zikiwa bapa mno, mwanga hupenya ukapotelea upande wa pili. Kwa kwatzi mpaka huo upo karibu nyuzi 40, ndiyo maana wakataji wanaojali huziteremsha nyuso kuu za chini kwa nyuzi 42 au 43. Kwa tanzanite mpaka ni karibu nyuzi 36. Fundi wa Arusha aliyezoea tanzanite, akiikata sitrini kwa pembe zilezile alizozizoea, anaweza kutoa jiwe lenye dirisha hata kama mkono wake ni hodari. Kila jiwe lina hesabu yake.

Kinyume cha dirisha ni giza. Upande wa chini ukiwa mrefu kupita kiasi, baadhi ya nyuso hupeleka mwanga pembeni, na unaona mabaka meusi yasiyohama. Mabaka machache yanayocheza unapotikisa jiwe ni sehemu ya uhai wake. Yakikalia robo au zaidi ya uso bila kusogea, kuna tatizo. Mara nyingi tatizo hilo lina sababu ya kibiashara. Mawe huuzwa kwa karati, yaani tano kwa gramu, na tumbo nene huongeza karati bila kuongeza upana unaoonekana. Kipimo cha kukusaidia ni kina cha jiwe likilinganishwa na upana wake. Asilimia 60 hadi 70 ni ya kawaida kwa jiwe lililokatwa vizuri. Likizidi 80, jua kwamba unalipia uzito utakaozama ndani ya pete usionekane na mtu.

Baada ya hapo tazama nidhamu ya fundi. Je, umbo la yai lina mabega yanayolingana? Ncha ya chini ipo katikati au imehamia upande mmoja? Nyuso ndogondogo zinakutana kwenye nukta moja, au moja imepitiliza na nyingine haikufika? Kiuno, yaani ule ukingo wa katikati unaoshikwa na makucha ya pete, kina unene sawa kuzunguka? Kikiwa chembamba kama wembe, sonara atakimega wakati wa kufunga.

Mwisho kabisa, ng'aro. Lielekeze jiwe dirishani hadi uso mkubwa wa juu uakisi mwanga wa nje. Picha ya dirisha juu ya uso huo inapaswa kuwa na kingo zilizonyooka. Ikitetemeka, uso haukunyooshwa. Ukiona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, fundi aliruka hatua, akahamia kwenye ung'arishaji kabla ya kufuta alama za usagaji wa kwanza. Kwatzi hukubali kung'aa vizuri mno inapopewa muda, kwa hiyo uso wenye ukungu hauna kisingizio.

Moto si dosari, kuficha ndiyo dosari

Wapo wanaokunja uso wakisikia kwamba sitrini imepitishwa motoni. Hawana sababu. Tanzanite yetu, karibu yote, hutoka Mererani ikiwa na ukahawia, ikapata bluu yake kwa kuchomwa. Na pete ya akiki, inayovaliwa Pwani kwa heshima kubwa, ni ya ukoo uleule wa kwatzi yenye chuma. Mafundi wa Khambhat, Gujarat, wamechoma akiki kwa karne nyingi ili wekundu wake ukolee, na shanga za akiki kutoka Bara Hindi zimechimbuliwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa ikiwemo. Uchomaji wa jiwe ili lipate rangi ya jua ni ufundi ambao bahari yetu imeufahamu tangu zamani.

Rangi ya sitrini iliyochomwa hudumu kwa matumizi ya kawaida. Kinachostahili lawama ni kuuza iliyochomwa kwa bei ya asilia. Sitrini iliyopata rangi yake ardhini bila kuchomwa ipo, ikiwemo ya Zambia, Kongo na Madagaska, lakini kwa kawaida ni njano ya limau, ya asali, au yenye moshi kidogo. Chungwa zito lenye wekundu, karibu kila mara, limepita tanuruni. Muuzaji akikwambia jiwe lake la chungwa zito halijaguswa na moto, tena anataka ziada kwa sababu hiyo, mwombe cheti cha maabara. Asipokuwa nacho, lipia bei ya iliyochomwa, nawe hutakuwa umedhulumiwa.

Suala gumu zaidi ni kwatzi ya kiwandani. Huoteshwa ndani ya mitungi ya chuma yenye maji moto na shinikizo kubwa, na ni kwatzi kweli: ugumu wake ni uleule, uzito uleule, na kipimo cha mwanga kilekile. Vifaa vya kawaida vya dukani haviwezi kuitenganisha kwa uhakika na ya ardhini, na kuipeleka maabara huenda kukagharimu kuliko jiwe lenyewe. Kinga ya mnunuzi ni sonara anayeaminika na risiti iliyoandikwa wazi: sitrini ya asili ya ardhini, iliyochomwa. Muuzaji mkweli haogopi kuandika maneno hayo.

Majina ya kuazima na mawe yanayofanana

Kwa miaka mingi sitrini imeuzwa kwa majina ya "topazi ya Madeira" na "topazi ya Rio Grande". Sitrini si topazi. Topazi ni madini mengine kabisa, magumu zaidi na mazito zaidi, na jina lake huazimwa kwa sababu bei yake ni kubwa. Ukilisikia jina hilo, pima uzito. Mawe mawili yenye vipimo na mkato sawa, topazi itaizidi sitrini kwa theluthi moja ya uzito hivi: panapotokea sitrini ya karati 6, topazi ingekuwa ya karati 8. Ganeti ya chungwa iitwayo spesatini, kama ile ya Loliondo kaskazini mwa Tanzania, huizidi kwa zaidi ya nusu. Zirkonia ya kutengenezwa huwa na uzito mara mbili na zaidi.

Kioo ndicho adui wa mara kwa mara. Ligusishe jiwe mdomoni au shavuni: kwatzi huwa baridi na hukawia kupata joto, kioo huvuguvugika upesi. Kisha tazama kwa lenzi. Viputo vya mviringo na kingo zilizolegea za nyuso ni dalili za kioo. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo kingo zake hubaki kali miaka mingi.

Ukubwa, bei na sonara

Bei ya rubi kwa karati hupaa jiwe linapokuwa kubwa, kwa sababu rubi kubwa ni nadra. Sitrini haiendi hivyo. Fuwele kubwa zipo, kwa hiyo bei ya karati moja haipandi sana kutoka jiwe dogo hadi kubwa. Muuzaji anayetaka ziada nono kwa sababu ya ukubwa peke yake anakupima uelewa wako. Linganisha mawe kwa milimita za upana na urefu, maana hizo ndizo zitakazoonekana kidoleni.

Mkiisha kukubaliana, kazi inahamia kwa anayefunga. Kwatzi haina tabaka la kupasukia kirahisi kama topazi, lakini haipendi joto la ghafla. Katika nyuzi 573 mpangilio wake wa ndani hubadilika, na mwali wa sonara hufika mbali kuliko hapo. Pete ikihitaji kupanuliwa au kuchomelewa, jiwe lifunguliwe kwanza. Nyumbani, maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini vinatosha. Usiifute pete ikiwa kavu na ina vumbi, kwa sababu mchanga nao umejaa kwatzi, na kwatzi hukwaruza kwatzi. Iweke mbali na almasi na yakuti, ambavyo ni vigumu zaidi.

Na kama tayari unalo jiwe lenye dirisha, usilitupe. Fundi mzuri anaweza kulikata upya. Litapungua karati kadhaa, lakini kwa sitrini karati hizo ni gharama ndogo, na utapata jiwe linalorudisha mwanga.

Tunao watu wa kazi hiyo. Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilichopo Arusha, hufundisha vijana kukata na kung'arisha vito. Hao watakata kwa kiwango ambacho soko linakidai. Mnunuzi akichukua jiwe lenye dirisha kwa kuwa ni rahisi, amemwambia fundi kwamba saa ya ziada mezani haina malipo. Akilirudisha kwa adabu, akaeleza kwa nini, akaomba lingine na akakubali kuongeza kidogo, amemlipa fundi kwa kitu ambacho mgodi hauwezi kukitoa. Kwa hiyo kagua, uliza, rudisha. Hakuna kito cha kujifunzia jicho kwa gharama ndogo kuliko sitrini, na jicho likishakomaa hapo, hata siku ukisimama mbele ya tanzanite au rubi, utajua unachokitafuta.